SHERIA YA MOSHI IANZIE JELA NA BAA



Tangu tarehe 8 Julai 2008 ni kosa katika Kenya kuvuta sigara mahali pa watu wote. Sheria yenyewe, Sheria ya Kudhibiti Tumbaku, ilipitishwa mwaka 2007, na adhabu yake si ndogo kwa mtu wa mshahara: faini hata kufikia shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili pamoja. Sasa miaka mingi imepita, na yafaa sisi wafanya kazi tuulize swali moja juu yake. Ni nani ambaye sheria hii imemshika, na ni nani ambaye imempita kana kwamba haimwoni?

Mtu atembeaye mjini anajua jibu. Anayeshikwa ni mtu wa mkokoteni aliyepumzika kando ya njia. Ni kijana wa mjengo aliyetoka saa ya chakula akawasha sigara karibu na kibanda. Askari wa kaunti humzunguka wawili watatu, humshika suruali kiunoni, kisha maneno ya pembeni huanza. Wengine hufikishwa kortini. Wengine humalizana nao pale pale, na sina haja ya kueleza kumalizana ni nini. Basi jioni ya siku hiyo hiyo ingia katika baa yenye dirisha moja, uone moshi umetanda chini ya taa kama ukungu wa Limuru, na katikati ya moshi huo dada anapita na trei ya chupa tangu saa kumi na mbili jioni hadi saa nane ya usiku. Hapo hakuna askari.

Mimi nasema sheria hii imegeuzwa miguu juu kichwa chini. Iliandikwa kumlinda mtu asiyeweza kuondoka penye moshi, nayo yatumiwa kumwinda mtu aliyekwenda kuvuta nje penye upepo. Simtetei huyo wa nje. Moshi wake nao humfikia mpita njia, na sheria imemkataza. Lakini mpita njia hupita. Mteja wa baa akichoka na moshi hulipa akaenda zake nyumbani. Wasioweza kuondoka ni wawili: mfanya kazi aliye kazini, ambaye akitoka amepoteza kazi, na mtu aliyefungiwa mlango, ambaye ufunguo hana. Kama Serikali ina askari wachache na fedha kidogo za kusimamia sheria hii, basi ianzie kwa hao wawili, na hao wengine watafuata.

Wala msidhani kwamba watunga sheria waliwasahau. Soma orodha ya mahali pa watu wote katika sheria ile ya 2007. Utakuta ofisi na viwanda, korti, hospitali, mahoteli na mabaa, majumba ya sinema, magari ya abiria, masoko. Na katika orodha hiyo hiyo, bila kufichwa, utakuta magereza, na vituo vya polisi pamoja na seli zake. Imeandikwa. Haihitaji wakili wa kuitafsiri.

Sasa nitaanza na baa, maana huko wako wanachama wengi wa vyama vyetu, na wengine wengi zaidi wasio na chama.

Wako wasemao moshi ni jambo dogo, mfanya kazi ana shida kubwa kuliko huo: mshahara, kodi ya nyumba, kufukuzwa bila barua. Ni kweli shida ni nyingi. Lakini moshi huu si harufu mbaya tu. Ndani yake mna kemikali zaidi ya 7,000, na zaidi ya sitini kati yake zajulikana kuleta kansa. Mwaka 2006 Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani alitoa ripoti iliyosema kwamba hakuna kiasi cha moshi wa mtu mwingine kisicho na hatari, na kwamba kuwatenga wavutaji upande mmoja wa chumba, au kuweka mashine za kusafisha hewa, au kufungua madirisha, hakumkingi kabisa asiyevuta. Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba watu zaidi ya milioni moja hufa kila mwaka kwa moshi wa sigara ambazo hawakuvuta wao. Hao si wavutaji. Ni wake, watoto, makarani, maweita.

Weita mmoja namtaja kwa jina, maana mwenyewe alitaka jina lake lijulikane. Aliitwa Heather Crowe, wa mji wa Ottawa katika Kanada. Kwa miaka kama 40 alifanya kazi ya kupeleka chakula mezani katika mahoteli yaliyojaa moshi, na yeye mwenyewe hakuwa mvutaji. Mwaka 2002 madaktari walimwambia ana kansa ya mapafu. Hakwenda kukaa nyumbani kungoja mwisho. Alikwenda kwa bodi ya malipo ya watu waliodhuriwa na kazi katika jimbo la Ontario, akadai malipo yake, na bodi ikakubali kwamba kansa hiyo ilitokana na kazi. Miaka aliyobakiwa nayo aliitumia kuzunguka nchi yake akisema na watunga sheria. Alifariki mwezi wa Mei 2006, na mwisho wa mwezi huo huo sheria ya kufukuza moshi mahali pa kazi ikaanza kutumika katika Ontario.

Angalieni jambo alilolishinda mama huyu. Hakusema sigara ni dhambi. Hakusema wavutaji ni watu wabaya, maana hao walikuwa wateja wake waliompa bahashishi. Alisema: haya ni madhara ya kazi, kama mkono uliokatwa na mashine. Hapo maneno yote hubadilika. Mkono ukikatwa na mashine hatumuulizi mfanya kazi kwa nini hakuhama kiwanda. Twamuuliza mwenye mashine kwa nini haikuwa na kinga. Nasi Kenya tunayo Sheria ya Malipo ya Walioumia Kazini ya mwaka 2007, na sheria hiyo hutambua magonjwa yatokanayo na kazi, si majeraha tu. Ni wangapi kati yetu waliopata kufikiri kwamba kifua cha weita kinaingia humo?

Ireland nako kuna la kujifunza. Tarehe 29 Machi 2004 nchi hiyo ilikuwa ya kwanza duniani kufukuza moshi mahali pote pa kazi, na mabaa yakiwamo. Wenye mabaa walipiga kelele kwamba biashara itakufa. Lakini chama cha wafanya kazi wa mabaa, kiitwacho Mandate, kilisimama upande wa sheria. Chama hakikudanganywa na hofu ya kazi kupotea, maana kilijua wanachama wake ndio waliokuwa wakikohoa. Watu wa elimu walipima hewa ya mabaa 42 ya Dublin kabla na baada ya sheria, wakawapima na wafanya kazi 73 wa mabaa hayo, wanaume wote. Vumbi lile jembamba la moshi lilikuwa limepungua kwa asilimia 83. Na walipopima mate ya wafanya kazi wasiovuta, dalili ya tumbaku mwilini mwao ilikuwa imeshuka kwa kiasi kama hicho hicho. Mambo haya hayakuletwa na dawa wala mashine ya bei kubwa. Yaliletwa na mlango kuandikwa amri, na amri kufuatwa.

Hapa kwetu sheria ilikubali mwenye jumba atenge chumba cha wavutaji. Lakini ilisema chumba hicho kiwe na ukuta mzima tangu sakafuni hadi darini, tena kiwe na njia yake ya hewa. Nyote mmeona kinachoitwa chumba cha wavutaji. Ni turubai. Ni kona yenye meza tatu na kibao. Na hata kikijengwa sawasawa kama sheria itakavyo, naomba mtu anieleze: bia huingiaje chumbani humo? Hujipeleka yenyewe? Nani huondoa glasi, nani hufagia visigara usiku wakati wavutaji wamekwenda? Chumba hicho humkinga mteja asiyevuta. Weita hakimkingi hata kidogo. Basi maoni yangu ni kwamba pahali palipo na chumba cha namna hii, mfanya kazi asiamriwe kuingia humo kuhudumu, na jambo hili liandikwe katika mkataba wa chama na tajiri. Mvutaji aje mwenyewe kaunta achukue kinywaji chake. Ana miguu.

Nimeisifu Ireland, lakini ilikosa mahali pamoja. Sheria yake ya 2004 iliacha nje vyumba vya wageni vya mahoteli, hospitali za wagonjwa wa akili, na jela. Yaani pale mtu alipofungiwa zaidi, ndipo sheria ilipomwacha. Si Ireland peke yake. Nchi nyingi zimefanya hivyo, na sababu yao ni moja: waliogopa wafungwa watafanya fujo.

Uingereza kesi ya jambo hili ilifika mpaka mahakama ya juu kabisa. Sheria yao ya kufukuza moshi ilipitishwa mwaka 2006 ikaanza Julai 2007, na jela wakaziachia nafasi: mfungwa mtu mzima aliruhusiwa kuvuta katika seli yake. Mfungwa mmoja asiyevuta alichoka. Alisema maneno ya haki: mtu yeyote mtaani akiona sheria ya moshi imevunjwa aweza kupiga simu kwa watu wa afya akashitaki, mbona mimi jela siwezi? Mwaka 2015 jaji wa Mahakama Kuu alimpa ushindi. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikamnyang'anya. Na mwezi wa Desemba 2017 Mahakama ya Juu ikamaliza maneno: sheria ya moshi haikutaja kwamba inaifunga Serikali ya Malkia, na huko sheria isiyosema hivyo waziwazi, au isiyoonyesha hivyo kwa lazima, haiifungi Serikali. Basi jela za Serikali, zenye wafungwa na askari maelfu, hazikuwa chini ya sheria iliyombana mwenye duka la chai. Ni kweli wakati huo wakuu wa jela za Uingereza walikuwa wamekwisha anza kuziondolea moshi wenyewe kwa amri zao. Lakini amri ya mkubwa si sheria. Mkubwa aweza kuitoa leo na kuiondoa kesho, na mfungwa au askari hana mahali pa kushika.

Sisi Kenya tumewapita hapo, tujue hivyo. Sheria yetu imetaja magereza kwa jina. Na Katiba yetu ya 2010 yasema tangu mwanzo wake kwamba yawafunga watu wote na vyombo vyote vya Serikali. Tena yasema kila mtu ana haki ya mazingira safi yenye afya, na kwamba mtu aliyefungwa hubaki na haki zake zote isipokuwa zile zisizoweza kwenda pamoja na kufungwa. Kupumua kwaweza kwenda pamoja na kufungwa.

Sasa tazameni mzunguko huu. Yule mtu wa mkokoteni niliyemtaja mwanzo, aliyeshikwa na sigara kando ya njia, akishindwa kulipa faini hupelekwa jela. Amefungwa kwa kuvuta mahali pa watu wote. Na jela yenyewe, kwa maneno ya sheria ile ile, ni mahali pa watu wote pasipovutwa sigara. Je, atakuta huko hewa safi? Kote duniani sigara imekuwa fedha ya jela. Hununua sabuni, hununua mahali pazuri pa kulala, hununua upendeleo wa nyapara. Hapa kwetu misako ya magerezani ikifanywa, magazeti huandika kilichopatikana: simu, bangi, sigara. Kinachopatikana kwa msako ni kile kisichokuwa kimevutwa bado.

Na magereza yetu yamejaa kuliko yalivyokusudiwa kubeba, jambo ambalo wakuu wa Serikali wenyewe wamelisema mara nyingi. Wengi wa waliomo ni mahabusu, yaani watu ambao korti haijasema kwamba wana kosa. Katika seli namna hiyo mtu mmoja akiwasha, wote wamevuta. Tena jela ni mahali pa kifua kikuu, na waganga wamethibitisha kwamba moshi wa tumbaku humfanya mtu aupate ugonjwa huo kwa urahisi zaidi na kuponywa kwa shida zaidi. Ugonjwa huo haujui lango. Hutoka na askari jioni, huingia katika laini za askari, hulala na watoto wake.

Hapa ndipo nataka ndugu zangu wa vyama vyote wanisikilize, hata wale wasemao jela haituhusu. Askari jela ni mfanya kazi. Huamka, huvaa, huenda zamu, hupokea mshahara mwisho wa mwezi. Mfungwa ametiwa ndani na hakimu, lakini askari jela hakuhukumiwa na mtu yeyote, naye hukaa ndani ya kuta zile zile miaka mingi kuliko wafungwa walio wengi. Na huyu ndiye mfanya kazi asiyekuwa na chama. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 imemtoa nje, pamoja na wanajeshi, polisi na vijana wa huduma ya taifa. Mwezi wa Aprili 2008 askari jela walipogoma kwa ajili ya malipo na hali ya maisha yao, ilibidi Serikali iunde kamati ya kuwasikiliza, kwa kuwa hapakuwa na katibu wala mwenyekiti wa kukaa nao mezani kabla mambo hayajaharibika.

Lakini isomeni Katiba. Kifungu cha 24 chasema sheria yaweza kupunguza haki fulani, na ya chama cha kazi imo, kwa watu walio katika Majeshi ya Ulinzi na Huduma ya Taifa ya Polisi. Hao wawili ndio waliotajwa pale. Askari jela hakutajwa. Basi ni kwa nguvu gani sheria ya 2007, iliyo mzee kuliko Katiba, yaendelea kumfunga mdomo? Hili ni swali la Bunge, na vyama vyetu havina budi kulipeleka huko. Mpaka siku hiyo ifike, atakayesema juu ya hewa ya askari jela ni nani kama si sisi? Katika Uingereza askari jela wana chama chao, nacho kilidai jela zisizo na moshi kwa sababu ya vifua vya wanachama wake. Wetu hawana pa kudai.

Nakuja kwa hofu ya fujo, maana si hofu ya bure. Tarehe 30 Juni 2015, katika jimbo la Victoria huko Australia, mahabusu wa jela kubwa karibu na mji wa Melbourne walivunja milango na kuwasha moto. Ilikuwa siku moja kabla ya marufuku ya sigara kuanza. Wako wanaolishika jambo hilo na kusema: mwaona? Waacheni wavute. Lakini New Zealand ilikuwa imefukuza moshi katika jela zake zote tangu tarehe 1 Julai 2011. Ilitangaza mwaka mzima mbele, ikawapa wafungwa dawa za kuwasaidia kuacha, na siku ilipofika ilipita bila ghasia kubwa waliyoiogopa. Scotland nayo ilitangaza mwaka 2017, ikatumia muda wa zaidi ya mwaka kujitayarisha, ikafunga tarehe 30 Novemba 2018. Watu wa chuo kikuu walikuwa wamepima hewa ya jela zile mwaka 2016, wakapima tena wiki ile ya kwanza ya marufuku. Moshi ulikuwa umepungua kwa asilimia kama 80. Katika wiki moja!

Nawaomba muangalie dawa, kwa sababu hapo ndipo naona hatari ya kwetu. Mvutaji wa miaka ishirini hawezi kuacha kwa sababu mkuu wa gereza amebandika karatasi ukutani. Mwili wake wadai. Kuna plasta na pipi zenye nikotini kidogo za kumshusha polepole, na Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha yake ya dawa za lazima tangu mwaka 2009. Kama Serikali itaikataza sigara jela bila kuleta dawa hizo, itakuwa imefanya jambo moja tu: imepandisha bei. Sigara ya shilingi chache itauzwa kwa mamia, na faida itaingia katika mfuko wa anayeipitisha langoni. Askari mwenye mshahara mdogo atatiwa majaribuni kila siku, na yule asiyevuta atabaki na moshi ule ule pamoja na ugomvi juu yake. Dawa hizo wapewe na askari pia, maana wengi wao huvuta, na zamu ya usiku jela si mahali pa kumfundisha mtu kuacha kwa matusi.

Wengine watasema jela si hoteli, mhalifu asitafutiwe raha. Hayo ni maneno ya mtu ambaye hajawahi kushikwa katika msako wa usiku akalala ndani hadi Jumatatu. Wengi wa wanachama wetu wamewahi. Hakimu humhukumu mtu miezi au miaka. Hamhukumu kansa, wala mahabusu hajahukumiwa chochote. Huko Marekani, mwaka 1993, Mahakama yao ya Juu ilikubali kwamba mfungwa wa jimbo la Nevada, aliyefungiwa seli moja na mtu wa kuvuta pakiti tano kwa siku, aweza kushitaki kwamba anapewa adhabu ya kikatili, hata kama ugonjwa bado haujatokea. Marekani haijulikani kwa kuwabembeleza wafungwa.

Wengine watasema habari za kazi: wakulima wa Migori na Busia, watu wa viwanda vya sigara, hao watakula nini? Ni swali la haki, na wenzetu wa viwandani wana chama na wanastahili kusikilizwa. Lakini haki ya kulima tumbaku si haki ya kumvutisha weita. Na huko Migori kwenyewe, tangu mwaka 2022, mashirika ya Umoja wa Mataifa pamoja na Serikali yamekuwa yakiwasaidia wakulima kuacha tumbaku na kupanda maharagwe, yenye mnunuzi. Mambo hayo yakipanuliwa, mkulima hatakuwa na haja ya kuwekwa mbele kama ngao na makampuni. Makampuni yenyewe yalikwenda kortini kuzipinga kanuni za tumbaku za mwaka 2014. Yalishindwa Mahakama Kuu, yakashindwa Rufani, na mwezi wa Novemba 2019 Mahakama ya Juu ya Kenya ikayakataa tena. Kwa hiyo asije mtu akatuambia sheria hii ina mashaka. Imesimama.

Na wewe ndugu unayevuta, uliyesoma mpaka hapa huku umekasirika: hakuna anayekutoa katika chama. Tunalotaka ni utoke nje ya mlango, na huko nje usiwindwe kama mwizi wa kuku. Mji uweke mahali pa kuvutia panapojulikana, pa wazi, karibu na penye kazi, na askari wa kaunti akuonyeshe mahali hapo kabla ya kukushika suruali. Nguvu zake azipeleke kwa mwenye jumba, aliye na leseni ya kupoteza.

Basi nayaweka mambo haya mbele ya mikutano ya matawi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka kila mahali pa kazi penye watu ishirini au zaidi pawe na kamati ya usalama, na wafanya kazi wamo ndani yake. Mahoteli mengi na mabaa makubwa yana watu hao. Tawi liulize kamati iko wapi, na kama haipo, iandikwe barua kwa tajiri wiki hiyo hiyo. Kamati ikikaa, jambo la moshi liwe la kwanza: chumba cha wavutaji kina ukuta na njia ya hewa kama sheria isemavyo, au kifungwe. Wenye kujadili mikataba mipya waombe kifungu cha kwamba hakuna mfanya kazi atakayeadhibiwa kwa kukataa kuhudumu penye moshi, wala kwa kumshitaki mteja au meneja.

Juu ya jela, Halmashauri iombwe kumwandikia Waziri anayehusika, na nakala kwa Kamishna Mkuu wa Magereza, ikiuliza mambo matatu: ni tarehe gani sheria ya 2007 itatimizwa katika kila gereza na kila seli ya polisi, ni dawa gani zitakazoletwa kabla ya tarehe hiyo, na kwa fedha gani, na ni nani nje ya gereza ambaye mfungwa au askari asiyevuta aweza kumpelekea malalamiko yake bila barua kupita mezani kwa mkuu wake. Jibu likija, lichapishwe katika jarida hili. Lisipokuja kwa muda wa miezi mitatu, lichapishwe hilo pia.

Wanachama wa mahoteli na mabaa wanaombwa kuleta habari kwa katibu wa tawi: jina la jumba, siku, saa, na kama kuna chumba cha wavutaji kimejengwa namna gani. Jina la mfanya kazi aliyeleta habari lisiandikwe popote.